Vidonge vya Binti wa Dada Yangu

Nilichukua dawa za binti wa dada yangu nikazifungia kabatini kwangu. Zilikuwa ndani ya bahasha ndogo ya karatasi ya hospitali, juu yake pameandikwa kwa kalamu: 1 x 1, usiku. Nilimwambia achague kati ya bahasha ile na Bwana. Hata nilipokuwa nikisema nilijua hawezi kunikatalia, maana baba yake alifariki yeye angali mdogo, na mimi mjomba wake ndiye niliyemlea na kumsomesha. Akaisukuma bahasha mezani kuelekea kwangu kwa vidole viwili. Hakulia. Alisema tu, "Sawa, Mjomba." Ilikuwa Novemba 2016, hapa Bukoba, miezi miwili baada ya tetemeko la ardhi.

Mimi ni mtu wa uamsho. Uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda na kuvuka mpaka kuingia Buhaya, ndio uliomfikia mama yangu, na mimi nikaokoka nikiwa kijana ndani ya ushirika wa Wandugu. Kwetu mtu akikosa husimama mbele ya wenzake akakitaja kitu kwa jina lake. Aliyeiba kuku husema kuku. Hasemi nilipungukiwa, hasemi nilijikwaa. Hilo tunaliita kutembea nuruni. Nimewasikia wanaume wakitaja mambo ambayo wengine wangekufa nayo, na nimewaona wakitoka pale wepesi kama waliotua mzigo wa kuni. Njia hii naijua. Najua pia kwamba mtu anaweza kuwaongoza wengine ndani yake miaka mingi, naye mwenyewe amesimama kando.

Jumamosi ile, Septemba 10, saa 9:27 alasiri, ardhi ilitetemeka kwa ukubwa wa 5.9. Walikufa zaidi ya watu kumi na tano, wengine wengi wakajeruhiwa, nyumba za watu zikalala chini. Majengo ya Ihungo na Nyakato, shule ambazo wasomi wengi wa mkoa huu wamepitia, yalipasuka hata zikafungwa. Binti wa dada yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amepanga chumba Hamugembe, na kwaya ya usharika ilimtegemea katika sauti ya pili. Ukuta uliomtenganisha na jirani ulianguka juu ya kitanda alichokuwa amekiacha dakika chache kabla, kwenda kuepua sufuria ya ndizi. Hakupata hata mkwaruzo. Siku iliyofuata tuliabudu nje, chini ya miti, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuingia kanisani. Akasimama akamshukuru Mungu, nasi tukamwimbia.

Mitikisiko midogo iliendelea siku zile. Watu walilala chini ya maturubai na migombani, mabwana wakubwa na wauza samaki pamoja. Kisha, mmoja mmoja, wakarudi ndani. Yeye hakurudi. Nilimchukua kwangu, nikampa chumba kizuri chenye ukuta usio na ufa, lakini kila alipoingia moyo ulianza kwenda mbio, kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, akawa na hakika kwamba anakufa dakika ile ile. Lori likipita barabarani na kutikisa madirisha, alikuwa uani kabla hajajua kwamba amesimama. Usiku alilala kwenye kiti barazani akiwa amevaa viatu.

Viatu vile ndivyo vilivyoniudhi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini viatu, na jibu si zuri: vilionekana. Majirani waliokuwa wakienda shambani alfajiri waliviona. Mzee wa kanisa, kiongozi wa ushirika wa maombi, na mtoto wa nyumba yake amelala na viatu mguuni kama mtu asiye na Mungu wa kumlinda.

Alikwenda hospitali mwenyewe, bila kuniambia. Wakampima moyo, wakamwambia ni mzima. Daktari akamweleza kwamba hofu ya siku ile imebaki mwilini mwake, akampa vidonge vya kumeza usiku, na akamtaka arudi kila baada ya wiki mbili wazungumze. Alivimeza mwezi mzima kimyakimya. Na nataka ieleweke vizuri, kwa sababu hapa ndipo kosa langu linapokaa: siku aliyokuja kuniambia habari za vidonge, alikuja kunipa habari njema. Alikuwa amelala ndani siku nne mfululizo. Alikuwa ameketi mbele yangu akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Septemba, na alidhani nitafurahi.

Nilimwambia hofu na imani havikai chumba kimoja. Nilimwambia hofu ni roho, na roho haitolewi kwa kidonge. Nilimfungulia Wafilipi, sura ya nne, pale Paulo anapozungumzia masumbuko ya moyo, nikaisoma kama hakimu anavyosoma kifungu cha sheria kabla ya kutoa hukumu. Alhamisi iliyofuata nilimsimamisha mbele ya Wandugu akatubu hofu yake. Alisema alichoambiwa aseme. Tukaimba Tukutendereza, tukamkumbatia, na mimi nikarudi nyumbani nikiwa nimeridhika.

Daktari alinieleza baadaye kwamba dawa za aina ile hazikatwi ghafla. Hupunguzwa kidogokidogo. Mtu akiziacha zote kwa mara moja, mwili unaweza kumlipiza kwa kukosa usingizi, kizunguzungu, na hofu kubwa kuliko ya mwanzo. Yote matatu yalimpata. Mimi niliyahesabu kuwa vita vya kiroho, nikatangaza siku za kufunga, naye akafunga pamoja nasi. Mtu asiyelala, nikamnyima na chakula. Alipoacha kuja ibadani kwa sababu hakuweza kukaa chini ya lile paa, nilisema mbele ya baraza la wazee kwamba ni vizuri apumzishwe kwaya mpaka asimame tena kiroho. Hakuna aliyenipinga. Nani ampinge mjomba mtu?

Usiku mmoja wa Desemba alitoka nyumbani saa nane. Wavuvi walimkuta alfajiri ameketi kwenye mchanga, karibu kabisa na maji. Viatu alikuwa amevivua, ameviweka pamoja kando yake. Walimrudisha wakamkabidhi kwa mke wangu, wala hawakutaka hata chai. Sijawahi kumuuliza alikwenda kufanya nini pale. Mke wangu alimuuliza, akaambiwa, na hadi leo hajanieleza, nami sina haki ya kudai. Asubuhi ile mke wangu aliniomba ufunguo wa kabati. Hakusema neno lingine. Alichukua bahasha, akamshika mtoto mkono, wakaenda hospitali. Wiki iliyofuata binti yetu alihamia kwa mama yake Muleba.

Kwa karibu miaka miwili, mtu akiniuliza habari zake, nilijibu kwamba alirudi nyuma.

Sasa nimtaje kuku.

Jioni ya Mei 20, 1996, nilimsindikiza mwalimu mwenzangu bandarini. Alikuwa anakwenda Mwanza kuwatembelea wakwe zake, amewachukulia mkungu wa ndizi, na mimi ndiye niliyeubeba begani hadi kwenye ngazi ya meli. Tulitaniana juu ya uzito wake. MV Bukoba ikang'oa nanga, ikapitia Kemondo kuchukua abiria wengine, na asubuhi ya Mei 21, ikiwa imekaribia Mwanza, ikapinduka. Mamia ya watu walikufa. Wengi wamelala katika makaburi ya Igoma. Mwenzangu hakupatikana.

Habari iliyoingia ndani yangu na kukaa ni moja. Meli ile ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilielea, tumbo juu, na ndani yake walikuwamo watu walio hai, wanagonga. Walipotoboa chuma ili wawatoe, hewa iliyokuwa imeishikilia juu ya maji ikatoka, na meli ikashuka.

Mwezi uliofuata nilisimama katika ushirika nikashuhudia kwamba Bwana ameniondolea hofu ya mauti. Siku ile ilikuwa kweli. Nimelipima neno hilo mara nyingi, na bado nasema ilikuwa kweli: nilisimama pale nikiwa na amani ambayo sikuitengeneza mimi. Lakini ilikuwa neema ya siku ile. Wana wa Israeli waliambiwa wasiiweke mana hadi asubuhi, na walioiweka waliikuta imeingia mabuu. Mimi niliuweka ushuhuda ule miaka ishirini na miwili. Niliutoa kwenye mikutano, kwenye misiba, mbele ya watoto wa kipaimara. Katika miaka hiyo yote sikukanyaga chombo chochote cha majini. Nikiwa na safari ya Mwanza nilipanda basi, tena nilitafuta linalozunguka Kahama na Shinyanga, kwa sababu njia fupi ya Geita ilikuwa na kivuko cha Busisi. Wandugu walipouliza kwa nini najichosha hivyo, niliwaambia nina ndugu wa kumsalimu Kahama. Sina ndugu Kahama.

Kwa hiyo nilipomwona mtoto yule barazani na viatu vyake, sikumwona mtu mwenye hofu. Nilimwona mtu anayekaribia kunifichua. Alikuwa akifanya waziwazi, mbele ya majirani, kile nilichokuwa nikikifanya kwa siri katika ofisi za mabasi. Ndiyo maana sauti yangu ilikuwa kali kiasi kile. Ndiyo maana aliponiambia kwamba kuna daktari aliyemsikiliza na dawa iliyomlaza, sikufurahi. Ikiwa yeye angeweza kusema "naogopa" na bado awe mkristo, mimi nilikuwa nimejificha bure miaka yote ile.

Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka ikiwa imekaribia kisiwa cha Ukara. Walikufa zaidi ya watu 220. Nilistahimili habari za siku ya kwanza na za siku ya pili. Siku ya tatu redio ilitangaza kwamba waokoaji wamemtoa fundi wa mitambo akiwa hai, baada ya siku mbili ndani ya chombo kilichopinduka, mahali palipobaki hewa. Nyumba nzima ilipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikafikiri: siku mbili. Mwenzangu aligonga kwa muda gani?

Vidole vilikuwa vya kwanza kufa ganzi. Kisha kifua. Nilimsikia mke wangu akiniita kutoka mbali, kama mtu aliye ng'ambo ya bonde. Walinibeba kwenye teksi, na njiani nilikuwa na hakika kabisa kwamba nakufa. Najua sasa kwamba ni hakika ile ile aliyonieleza binti wa dada yangu nami nikaiita ukosefu wa imani. Hospitali wakanipima. Moyo wako ni mzima, Mzee, daktari akasema. Nilitamani aniambie moyo ni mgonjwa. Mgonjwa wa moyo huombewa kanisani kwa jina.

Daktari yule alikuwa kijana, wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho, lakini alivuta kiti akakaa. Akanieleza kwamba mwili una kengele yake ya hatari, na wakati mwingine kengele hujifunza kulia pasipo moto. Mtu akishtuka hupumua haraka mno, akatoa hewa ya ukaa zaidi ya inavyofaa, na hapo vidole na midomo hufa ganzi na kichwa kikawa chepesi. Si mauti. Inapita. Kisha akaniuliza ni lini nilipanda meli mara ya mwisho. Sijui nani alimwambia. Nilipomjibu, alinyamaza kidogo, akasema kila ninapoikwepa hofu, hofu inajifunza kwamba ilikuwa na haki, na mara ijayo inadai zaidi. Nilifikiria mabasi ya Kahama.

Mtu wa kwanza kufika wodini hakuwa mchungaji, wala hakuwa yeyote wa Wandugu. Alikuwa yeye. Alikuwa amepanda Hiace ya kwanza kutoka Muleba. Alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo, Mjomba," nami nikashindwa kuitikia. Hakuniambia nisiogope. Alikaa kitandani, akaweka kiganja changu juu ya tumbo langu na chake juu ya changu, akasema, "Vuta hadi nne. Toa taratibu hadi sita. Hivyo hivyo. Tena." Alinihesabia kama anavyowahesabia watoto wa darasa la kwanza. Ilipopita, akanipa maji. Ikarudi usiku, akahesabu tena. Alikaa mpaka asubuhi.

Nilipotoka hospitali nilirudi kwenye Maandiko kwa woga, kwa sababu niliyajua mengi kwa moyo na sikujua tena nimekuwa nikiyasoma vipi. Nilianza na Paulo, kwa kuwa ndiye niliyemtumia kumpiga mtoto wa watu. Katika barua ya pili kwa Wakorintho, sura ya saba, nilikuta jambo ambalo nadhani nimelisoma mara thelathini bila kuliona. Paulo anaeleza alipofika Makedonia: mwili wake haukupata raha, nje ugomvi, ndani hofu. Ndani yake yeye, mtume, hofu. Anasema Mungu alimfariji. Alimfariji vipi? Hasemi malaika, hasemi maono. Anasema kwa kuja kwake Tito. Faraja ya Mungu ilimfikia Paulo kwa miguu ya mtu aliyetembea safari ndefu akaingia mlangoni.

Nililia pale mezani. Tito wangu alikuwa amekuja na Hiace kutoka Muleba, na miaka miwili kabla, yeye alipomhitaji Tito, alikuta hakimu.

Mchungaji wetu, ambaye alisoma Kigiriki chuoni, alinionyesha jambo jingine. Neno analolitumia Paulo katika Wafilipi sura ya nne, lile la kuwaonya juu ya masumbuko, ni lile lile alilolitumia sura ya pili kumsifu Timotheo kwa jinsi anavyowahangaikia Wafilipi. Na kwa Wakorintho anakiri kwamba yeye mwenyewe analo kila siku, kwa ajili ya makanisa yote. Kumbe sura ya nne haikuandikwa na mtu asiyejua kuhangaika. Iliandikwa na mfungwa, akiwaeleza rafiki zake mahali anapoupeleka mzigo.

Mchungaji huyohuyo aliniazima kitabu kidogo cha maisha ya Luther. Nimefundisha Katekisimo Ndogo miaka mingi, nikiwakaririsha watoto mpaka wanaiota, wala sikujua kwamba aliyeiandika aliwahi kuangushwa chini. Julai 6, 1527, huko Wittenberg, Luther alishikwa na dhiki ya roho kali kiasi cha kumwita mchungaji wake, Johannes Bugenhagen, aje amsikilize akiungama. Jioni ya siku hiyo aliishiwa nguvu, akaanguka, rafiki yake Justus Jonas akiwapo. Katekisimo ilikuja miaka miwili baadaye. Na mwaka huohuo wa 1527 tauni iliingia mjini, naye akaandika juu yake, akiwakemea wanaozidharau dawa kwa jina la imani, kwamba wanamjaribu Mungu. Nilikifunga kitabu hapo. Nilikuwa nimemwambia mtoto achague kati ya vitu viwili ambavyo baba wa kanisa langu alivishika vyote kwa mikono miwili.

Nimezisoma upya pia zile sehemu ambapo mbingu inamwambia mtu asiogope. Wachungaji kondeni, Mariamu nyumbani, Zakaria hekaluni. Katika hizo tatu, anayesema ameshafika. Yuko pale, mbele ya yule anayetetemeka, na ana habari ya kumpa. Mimi nilikuwa nimelichukua neno la mtu aliyefika nikalisema nikiwa nimesimama mbali. Hata Bwana mwenyewe, usiku ule wa Gethsemane, hakuificha dhiki yake kwa wale watatu. Aliwaambia jinsi ilivyomlemea, na akawaomba wakae wakeshe naye. Kama kuogopa ni dhambi, sijui tutausomaje ukurasa ule.

Ningependa kusema kwamba baada ya kuyaona haya nilitengeneza mambo. Nilifanya kosa la pili.

Oktoba 2018 nilisimama katika ushirika nikaungama. Nilieleza habari za mwenzangu na mkungu wa ndizi, za mabasi ya Kahama, za ndugu nisiye naye. Wandugu walilia. Tukaimba Tukutendereza kwa muda mrefu, nikakumbatiwa na kila mtu, na kweli nilijisikia mwepesi. Nilimpigia simu binti wa dada yangu jioni ile kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa heshima yake ile ile, "Mjomba, bado hujaungama. Umeungama hofu. Hofu siyo uliyonifanyia."

Nilikaa na neno hilo wiki nzima, mwanzoni kwa hasira. Halafu nikaelewa kwamba nilikuwa nimerudia mchezo wangu wa zamani. Nilikuwa nimeichukua hofu, ambayo haikuwa hatia, nikaiweka madhabahuni ili hatia yenyewe ipite nyuma yake. Kuku hakuwa hofu yangu. Kuku alikuwa bahasha. Kuku alikuwa Alhamisi ile nilipomsimamisha mtu asiye na kosa akaungama kosa. Kuku alikuwa neno nililolisema kwenye baraza la wazee, na lile jibu la kwamba alirudi nyuma, nililowapa watu miezi ishirini na zaidi huku nikijua alivyokutwa ufukweni.

Nilikwenda Muleba na mke wangu. Nikayasema hayo yote mbele ya dada yangu, moja moja, bila kutaja 1996. Kisha nikarudi nikayasema ushirikani, na katika baraza la wazee nikaomba maneno yangu juu yake yafutwe, nikajiuzulu uongozi. Safari hii hatukuimba. Ndugu mmoja alisema ninaleta hekima ya dunia nyumbani mwa Bwana. Wengine waliinama wakaangalia viatu vyao. Lakini tulipotoka, bibi mmoja wa makamo, mwombaji ninayemheshimu kuliko wote, alinivuta kando akaninong'oneza kwamba vidonge vyake huvificha ndani ya kopo la unga, mwaka wa tisa sasa, ili tusivione. Alisema tusivione. Nami nilikuwa mmoja wa hao.

Binti wa dada yangu alinisamehe. Alilisema kwa mdomo wake, na namwamini. Alisema pia kwamba hataimba tena katika usharika wetu, na hajaimba. Anaimba Muleba. Dawa alizimaliza mwaka 2019, daktari akizipunguza taratibu kwa miezi kadhaa. Anasema tetemeko bado humtembelea, hasa lori likipita usiku, na viatu vyake huviweka chini ya kitanda mahali ambapo mguu utavikuta. Huomba, kisha hulala. Sidhani kama anatofautisha sana mambo hayo mawili.

Kuhusu mimi, mpaka ninapoandika haya sijapanda meli. Juni 2025 lilipofunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi nilimshukuru Mungu, na nilijua ni sehemu gani yangu inayoshukuru. Sala yangu imebadilika. Zamani nilikuwa nikimweleza Mungu kwamba siogopi. Siku hizi namweleza ninachokiogopa, kwa jina: chuma, maji, kugonga. Kuna asubuhi ninapewa amani ya kunitosha hadi jioni, nami siiweki hadi kesho.

Nilijaribu mara moja. Ilikuwa mwaka 2021, baada ya MV Victoria kufanyiwa matengenezo makubwa na kurudi katika safari za Bukoba na Mwanza. Binti wa dada yangu alisema atanisindikiza hadi Mwanza na kurudi, akaomba ruhusa shuleni kwake. Tulifika bandarini jioni, tiketi mkononi. Wapagazi walikuwa wakipakia ndizi, mikungu imepangwa sakafuni hadi karibu na ngazi, na ile harufu yake mbichi ya utomvu ilinikuta kabla sijaiona meli yenyewe. Miguu ikakataa. Nilimwambia, "Mama, naogopa." Nilikuwa na miaka sitini na mitatu na nilikuwa sijawahi kulisema neno hilo kwa sauti mbele ya mtu aliye mdogo kwangu.

Hakunivuta wala hakunisukuma. Alitazama huku na huku, akaona gogo kando ya ukuta, akasema, "Basi tukae hapa kwanza." Tukakaa. Akafungua mkoba wake, akatoa chupa ya maji na ndizi mbili za kuchoma alizozifunga kwenye gazeti, bado za moto. Moja akanipa mimi. Tulikula tukiwatazama abiria wakipanda, akina mama na mabeseni yao, watoto wakihesabiwa ngazini. Honi ikalia. Meli ilijitoa taratibu ikaelekea Kemondo, taa zake zimewashwa, nasi tukakaa pale mpaka ikatoweka machoni.